Kitambaa cha Tatu

Ndege iliyo mashuhuri kuliko zote duniani iliuzwa kwa dola 1. Hati ya mauziano ina tarehe ya 23 Novemba 1948. Wauzaji walikuwa wasimamizi wa mirathi ya marehemu Orville Wright, na mnunuzi alikuwa Taasisi ya Smithsonian ya Washington. Kilichouzwa ni chombo cha mbao, waya na kitambaa cha pamba, chenye mabawa mawili yaliyopangana moja juu ya jingine, urefu wa mita 12.3 kutoka ncha hadi ncha. Chombo hicho kiliruka siku moja tu, tarehe 17 Desemba 1903, mara nne, na ukijumlisha muda wote kiliokaa hewani hupati hata dakika mbili.

Habari za kuruka kwake zimesimuliwa sana. Zisizosimuliwa vya kutosha ni habari za miaka 45 iliyofuata: nani aliimiliki, nani aliitelekeza, nani aliishona upya, na kwa nini ilikwenda kuishi ugenini miaka 20. Hati zipo, barua zipo, wosia upo. Lakini anayetaka kuujua umiliki wa ndege hii na aanze na kitambaa chake. Kimebadilishwa mara mbili, na kila kitambaa kina mwenyewe.

Cha kwanza kilinunuliwa Dayton, Ohio, mji ambako Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli. Kilikuwa melimeli ya pamba, chapa yake Pride of the West, kitambaa ambacho akina mama wa mji ule walikishonea nguo za ndani. Ndugu hao hawakumpelekea fundi cherehani. Mwaka 1902, walipokuwa wakitengeneza glaida, yaani ndege isiyo na injini, dada yao Katharine alimwandikia baba yao barua akaeleza jinsi Wilbur anavyoizungusha cherehani kutwa, na Orville amechuchumaa sakafuni akiweka alama za kushona. Mwaka 1903 kazi ni ile ile, ila bawa sasa linavikwa kitambaa juu na chini, na eneo lake linafika karibu mita 47 za mraba.

Namna walivyokikata kitambaa hicho inastahili kutazamwa polepole. Fundi cherehani hukata kitambaa mshazari ili gauni lifuate mwili. Wao walikata mshazari ili nyuzi zipite pembe hadi pembe kati ya boriti za bawa na mbavu zake, na kitambaa chenyewe kifanye kazi ya waya wa kukazia. Wakaokoa uzito, na bawa likabaki na uwezo wa kupindika. Kupindika huko ndiko kulikokuwa siri yao kubwa: rubani alilala kifudifudi juu ya bawa la chini, kiuno chake ndani ya kitanda kidogo cha mbao chenye waya, na aliposogeza kiuno kushoto au kulia, ncha za mabawa zilijipinda, upande mmoja ukapanda na mwingine ukashuka. Bawa gumu lisingekubali. Mbavu, vipande vyembamba vya mti wa eshi, zilichomekwa ndani ya mifuko iliyoshonwa kwenye kitambaa. Hawakukipaka rangi wala gundi ya kuziba matundu. Melimeli ilibaki ilivyotoka dukani.

Rafadha nazo, yale mapanga mawili ya nyuma yanayoisukuma ndege, ni kazi ya mkono mtupu. Walidhani watakuta kanuni kwenye vitabu vya meli, hawakukuta. Wakabishana miezi, hata ikawa kila mmoja amehamia upande wa mwenzake na ubishi unaendelea, mpaka wakatambua kwamba rafadha ni bawa linalozunguka. Baada ya hapo wakagundisha mbao tatu za sprusi, wakachonga kwa kishoka na kisu cha mikono miwili hadi zikapatikana rafadha za mita 2.6. Vipimo vya zama zetu juu ya nakala za rafadha hizo vimeonyesha kwamba takriban robo tatu ya nguvu ya injini iligeuzwa kuwa msukumo. Hayo ni mapanga yaliyochongwa kwa macho na mikono, yakilingana na hesabu iliyofanywa kwa penseli. Zilizungushwa kwa minyororo kama ya baiskeli, na mnyororo mmoja ulikunjwa kwa mfano wa tarakimu nane ili rafadha zizunguke kinyume, moja isiivute ndege upande.

Injini ilitengenezwa na fundi wao wa duka, Charlie Taylor, kwa muda wa wiki sita hivi. Hakuwa na michoro kamili. Walichora kipande kimoja kimoja kwenye karatasi chakavu, naye akakibandika juu ya benchi lake la kazi. Mwili wa injini ulisubiwa kwa aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida. Krankishafti aliitoa kwenye bamba zima la chuma: akachora umbo lake, akatoboa matundu mengi kufuata mstari, akayakata kwa patasi, kisha akaikereza. Ilitoka injini ya nguvu za farasi 12. Ilikuwa nzito kuliko rubani, na ilikaa kulia kwake, kwa hiyo wakalirefusha bawa la kulia kwa sentimita 10 hivi ili libebe ule uzito uliozidi. Wale wanaopenda kusema kwamba akina Wright walibahatisha, na wazipime sentimita hizo.

Asubuhi ile ya Desemba, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills karibu na Kitty Hawk, Orville aliruka kwanza kwa sekunde 12. Safari ya nne, ya Wilbur, ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Kisha wakiwa wamesimama wanazungumza, upepo ukaiinua ndege, ukaibiringisha mara kadhaa na kuivunja. Ikatiwa kwenye makasha, ikarudishwa Dayton, na haikuruka tena.

Umiliki wa kwanza kwa hiyo ulikuwa wa ndugu wawili kwa pamoja, na kusema kweli haukuwa wa uangalifu. Hawakuwa na muda wa kuangalia nyuma. Mwaka 1904 walitengeneza ndege ya pili, 1905 ya tatu, iliyoweza kuzunguka uwanja zaidi ya nusu saa. Ile ya 1903 ilikaa kwenye makasha kibandani. Mwezi Januari 1906 waliazimisha krankishafti na flaiwili ya injini yake kwa maonyesho ya chama cha warukaji mjini New York. Havikurudi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na vyuma viwili ambavyo leo vingewekwa ndani ya kioo vilipotea namna hiyo. Injini iliyopo sasa imekamilishwa kwa sehemu za injini zao za baadaye.

Tarehe 30 Mei 1912 Wilbur alifariki kwa homa ya matumbo, umri wake miaka 45. Ndege ikabaki ya Orville. Mwezi Machi mwaka uliofuata mto ukafurika Dayton, mafuriko mabaya kuliko yote yaliyowahi kuupata mji ule, na makasha yakazama katika maji na tope kwa siku 11. Orville hakuyafungua. Aliyafungua mwaka 1916, chuo cha ufundi cha Massachusetts, MIT, kilipomwomba ndege hiyo kwa ajili ya kuzindua majengo yake mapya Cambridge. Hapo ndipo alipoanza kuitengeneza, akabadilisha mbao zilizovunjika na kuziweka zile zilizofaa mahali pake. Umma uliiona kwa mara ya kwanza mwezi Juni mwaka huo, karibu miaka 13 baada ya kuruka.

Kwa nini mtu aliyeiacha kwenye tope miaka mitatu aliigeukia ghafla kwa uangalifu ambao haukupungua hadi kufa kwake? Mwaliko wa MIT ulikuwa sababu moja. Kubwa zaidi, naamini, ilikuwa yaliyotokea Hammondsport.

Mkuu wa Smithsonian wa zamani, mwanasayansi Samuel Langley, alijenga ndege yake kwa fedha za Wizara ya Vita ya Marekani, dola 50,000. Ilirushwa kutoka juu ya mashua kwenye mto Potomac mara mbili, Oktoba na Desemba 1903, na mara zote mbili ikaanguka majini. Siku tisa baada ya kuanguka kwa pili, akina Wright waliruka kwa chombo ambacho kwa jumla hakikuwagharimu hata dola 1,000. Langley alifariki 1906 akiwa na huzuni. Mrithi wake, Charles Walcott, alikuwa rafiki yake, na alitaka jina la Langley lisafishwe. Mwaka 1910 ndugu Wright walikuwa tayari kuitengeneza ndege ya 1903 na kuipa Smithsonian. Walcott akaonyesha kwamba angependa vitu vingine. Na mwaka 1914 taasisi hiyo ikamkabidhi Glenn Curtiss ndege ya Langley airushe.

Curtiss alikuwa mshindani wa Wright, tena wakati huo walikuwa mahakamani wakigombania hataza. Huko Hammondsport, New York, juu ya ziwa Keuka, mafundi wake waliitengeneza ndege ya Langley, na katika kuitengeneza wakaibadilisha: mabawa, mihimili, nyaya, mfumo wa kuiongoza, wakaifunga na maboya. Ikainuka juu ya maji kwa sekunde chache. Kisha ikarudishwa katika umbo lake la 1903, ikatundikwa makumbushoni, na kibao kikawekwa kusema kwamba hii ndiyo ndege ya kwanza duniani iliyokuwa na uwezo wa kuruka na mtu.

Hapa ndipo ufundi unapoingia kwenye ukweli, na ndiyo sababu napenda kisa hiki kuliko visa vyote vya ndege za zamani. Mafundi wawili wanaweza kukarabati kitu kimoja kwa ustadi ule ule, mmoja akakifanya kiseme kweli na mwingine akakifanya kiseme uongo. Wa Hammondsport walijua kazi yao. Mbao walizoongeza zilishika, nyaya zilikaza. Dhambi ilikuwa kuzificha, kuyafuta mabadiliko na kumwonyesha mtazamaji chombo kana kwamba hakijaguswa. Orville alielewa kwamba ushahidi wake wote uko ndani ya makasha yale yenye tope, kwamba kila mbavu aliyoichonga na Wilbur ni shahidi, na kila kipande kipya atakachokiweka lazima kiwe kile kile kilichokuwepo, bila kuongeza nguvu wala kurekebisha kosa.

Aliiomba Smithsonian ichunguze jambo hilo kwa haki. Haikufanya. Mwaka 1925 akatangaza kwamba ndege itakwenda Makumbusho ya Sayansi ya London. Wamarekani wengi walikasirika, wakamwita mkaidi. Mimi naona alikuwa sahihi. Ndege ile isingeweza kukaa katika nyumba ambayo kibao chake kinaikana. Alichokuwa nacho ni umiliki tu, na umiliki ndiyo silaha aliyoitumia, bila kumtukana mtu.

Kabla ya kuisafirisha aliivua. Miaka ya 1926 na 1927, katika karakana yake Dayton, yeye na fundi Jim Jacobs, wakisaidiwa na katibu wake Mabel Beck, waliondoa melimeli iliyochakaa kwa upepo, mafuriko na maonyesho, wakaivika mpya kabisa. Hiki ndicho kitambaa cha pili, na ni cha Orville peke yake. Alitafuta chapa ile ile ya Pride of the West. Kitambaa kikakatwa mshazari vile vile, mifuko ya mbavu ikashonwa vile vile. Orville alikuwa na umri wa miaka 55 na zaidi, tajiri, aliyekwisha kuuza kampuni yake, na angeweza kumlipa mtu yeyote amfanyie. Alisimama mwenyewe kwenye kazi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine aliyebaki duniani aliyejua mahali pa kila mshono. Kitambaa cha kwanza hakukitupa. Alikihifadhi.

Mwanzoni mwa 1928 ndege ikavuka bahari. Ilitundikwa South Kensington, London, na kwa miaka 20 watoto wa Uingereza waliiona bure wakati watoto wa Dayton hawakuwa nayo. Waingereza waliitunza vizuri. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja waliiondoa kwenye hatari ya mabomu na kuificha, mwishowe ndani ya machimbo ya mawe chini ya ardhi, karibu na Corsham. Kisheria ilikuwa amana: wosia wa Orville wa 1937 uliiachia London, isipokuwa yeye mwenyewe akiandika barua ya kubadili nia.

Barua hiyo aliiandika. Mwaka 1942 mkuu wa Smithsonian wa wakati huo, Charles Abbot, alichapisha maelezo kamili ya yale yaliyofanywa Hammondsport, badiliko moja baada ya jingine, akasahihisha madai ya taasisi yake. Ilikuwa imechukua miaka 28. Desemba 1943 Orville akawaandikia watu wa London kwamba baada ya vita ataitaka ndege yake irudi, na akakubali kwamba kwanza wapate nafasi ya kutengeneza nakala yake. Nakala hiyo ilijengwa na wanafunzi wa shule ya ufundi ya de Havilland, na bado imetundikwa London. Nimeona ni jambo la heshima sana: makumbusho yanayoagana na kitu kwa kuwafundisha vijana kukitengeneza.

Orville hakuiona ikirudi. Alifariki tarehe 30 Januari 1948. Wasimamizi wa mirathi walikuwa Harold Steeper na Harold Miller, mume wa binti wa kaka yake Lorin. Wao ndio waliothibitisha barua ya 1943, na wao ndio waliouza kwa dola 1. Ndege ilipakiwa kwenye meli Mauretania. Kwa kuwa wapagazi wa bandari ya New York walikuwa wamegoma, ikashushwa Halifax, Kanada, ikahamishiwa kwenye manowari Palau ya kubebea ndege, na safari ikaishia kwa lori hadi Washington. Tarehe 17 Desemba 1948, miaka 45 kamili, ikazinduliwa.

Mkataba una sharti. Ikiwa Smithsonian au mrithi wake atawahi kusema kwamba kuna ndege yoyote kabla ya ile ya 1903 iliyoweza kumbeba mtu na kuruka kwa nguvu zake yenyewe huku ikiongozwa, umiliki unarudi kwa warithi. Sharti hilo linalalamikiwa hadi leo na wanaodai kwamba wengine walitangulia, na malalamiko yao yana uzito wa aina moja: taasisi ya elimu haipaswi kufungwa mdomo na hati ya mauziano. Nakubali. Lakini sharti hilo ni alama ya jeraha, na waliolisababisha jeraha ni wale wale waliotakiwa kulitia saini. Kwa upande wa ushahidi, sioni kwamba limewahi kuwa na kazi ya kufanya. Ndege yenyewe inajitetea.

Kitambaa cha tatu ni cha 1985. Melimeli ya Orville ilikuwa imeshika vumbi na kuzeeka, na makumbusho yakaifungua ndege yote, kipande kwa kipande, yakasafisha mbao na vyuma, yakazuia kutu, yakaivika upya kwa kitambaa cha pamba kilichokaribiana na kile cha zamani kadiri ilivyowezekana. Kilichonifurahisha ni kwamba waliyaandika yote. Anayetaka kujua ni mbao ipi ya 1903, ipi ya 1916, na kipi kilishonwa lini, anaambiwa. Hivyo ndivyo taasisi iliyoanza kwa kuficha ukarabati ilivyokuja kuwa mwenye mali halali: hati iliipata 1948, lakini kwa maoni yangu ndege iliipata 1985.

Na kile kitambaa cha kwanza, alichokihifadhi Orville? Kimetawanyika. Kipande chake, pamoja na kijiti cha mbao ya rafadha, vilikwenda mwezini na Neil Armstrong Julai 1969. Kingine, kidogo kama stempu, kilitolewa na makumbusho ya Carillon ya Dayton na kufungwa kwenye waya chini ya paneli ya jua ya helikopta ndogo Ingenuity, iliyoruka kwenye sayari ya Mirihi tarehe 19 Aprili 2021 kwa sekunde 39. Ingenuity imebaki huko, na kitambaa kiko nayo.

Ndege yenyewe iko katika Makumbusho ya Taifa ya Anga, Washington, na kiingilio ni bure. Haijatundikwa darini, imewekwa chini, usawa wa macho. Ukijaliwa kufika, zunguka nyuma utazame minyororo, uutafute ule mmoja uliokunjwa nane. Fuata mshono wa kitambaa kwa macho uone unavyokwenda mshazari. Kisha simama mbele na ulitazame bawa lililo kushoto kwako, kwa maana hilo ndilo la kulia la rubani, na ndilo lililozidi.